Ndugu Yako Akikosa Makao Uingereza: Maswali Matano ya Baraza la Mji na Namna ya Kuyajibu

Simu za namna hii huingia usiku. Mtu anayetunza wazee kule Uingereza mara nyingi humaliza zamu saa mbili za usiku, na wakati huo hapa Kisumu ni saa nne au saa tano, kutegemea majira yao. Mpwa wangu alinipigia saa tano na nusu. "Shangazi," aliniambia, "mwenye nyumba amenipa notisi. Nimeshafunga mizigo ya watoto. Kesho namrudishia funguo zake, nisije nikasemwa." Nilimsihi afungue mizigo, funguo aziweke mkobani, na asubuhi aende kwenye ofisi za baraza la mji anakoishi akiwa na notisi hiyo mkononi.

Huku kwetu tumelelewa kwamba muungwana hangoji kufukuzwa. Akiambiwa ondoka, huondoka, na usiku ule ule hupokelewa kwa ndugu yake Nyalenda, Kondele au kijijini. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuwa na makao yanayofaa, lakini hakuna dirisha katika ofisi za kaunti ambapo mtu aliyefurushwa leo huenda akapewa chumba cha kulala leo. Kinachomsitiri ni ukoo. Uingereza dirisha hilo lipo kisheria tangu 1977, na anayelifikia huulizwa maswali ambayo malezi yetu mazuri yanaweza kumfanya ayajibu vibaya. Kazi yangu ni kuwasaidia wapangaji wa hapa Kisumu kuelewa haki zao, na kwa kuwa jamaa kutoka Maseno, Vihiga na Busia wamekuwa wakiniletea barua za watoto wao walioko ng'ambo, nimelazimika kuisoma sheria ya huko kwa makini. Haya ndiyo ninayowaeleza.

Kwanza hakikisha ndugu yako yuko sehemu gani ya ufalme ule. Ninayoyaandika hapa ni sheria ya England, yaani Sheria ya Makazi ya 1996, sehemu ya saba, kama ilivyorekebishwa na sheria ya 2017 iliyoanza kutumika Aprili 2018. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Scotland, kwa mfano, iliacha kuuliza lile swali la kipaumbele nitakalolieleza hapa chini tangu mwisho wa 2012, kwa hiyo aliye Glasgow asikatishwe tamaa na yaliyomkuta mwenzake wa Leicester.

Pili, tenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna orodha ya kungojea nyumba za baraza, ambayo mtu anaweza kukaa humo miaka mingi, na kuna ombi la msaada kwa asiye na makao, ambalo lazima lishughulikiwe sasa. Mhudumu wa mapokezi akimwambia ndugu yako, "jaza fomu ya orodha kwenye intaneti kisha usubiri," amemjibu la kwanza ilhali yeye ameuliza la pili. Na aseme hivyo waziwazi: "Sina makao, au nitayakosa karibuni, naomba msaada wa mtu asiye na makao." Sheria haidai fomu maalumu. Anaweza kuomba kwa mdomo, kwa simu au kwa barua pepe, na baraza likiwa na sababu ya kuamini kwamba *huenda* hana makao au yuko hatarini kuyakosa, linawajibika kuanza uchunguzi. Mimi huwashauri watu waombe kwa barua pepe hata kama wamekwisha kuzungumza ana kwa ana, kwa sababu barua pepe hubaki na tarehe yake.

Asingoje siku ya mwisho. Anayetarajiwa kukosa makao ndani ya siku 56 tayari anahesabiwa kuwa hatarini, na baraza linapaswa kumsaidia kuinusuru nyumba aliyo nayo au kupata nyingine. Akishakosa makao kabisa, wajibu mwingine wa siku 56 huanza, wa kumsaidia kupata pa kuishi. Wajibu huu wote wawili hauhitaji mtu awe na watoto wala ugonjwa. Unahitaji tu awe anastahili kisheria, na hilo tutalifikia.

Sasa maswali yenyewe.

Je, kweli huna makao?

Kukosa makao si lazima uwe unalala barabarani. Anayelala kwenye kochi la rafiki na ameambiwa aondoke hana makao. Aliye na nyumba lakini haiwezekani kuishi humo, kwa kuwa mume anampiga au kwa kuwa hali ya nyumba ni mbaya kupita kiasi, naye anaweza kuhesabiwa hana makao, kwani sheria inauliza kama ni jambo la busara aendelee kukaa humo. Kwa mwenye kudhulumiwa nyumbani jibu limekwisha kutolewa na sheria yenyewe: si busara akae humo.

Lipo neno moja katika sheria hii ambalo sisi wa huku tunapaswa kulijua. Inasema mtu hana makao ikiwa hana makao anayoweza kuyatumia Uingereza *au mahali pengine*. Kwa hiyo afisa anaweza kuuliza: je, una nyumba Kenya? Nimeona vijana wakijibu "ndiyo" kwa fahari, kwa sababu baba aliwajengea simba, yaani nyumba ndogo ya kijana, bomani, na kijana wa Kijaluo hawezi kusema hana kwao. Lakini afisa hajui simba ni nini. Anachotaka kujua ni kama kuna nyumba ambayo mtu huyu ana haki ya kisheria kuishi ndani yake, iliyo wazi kwake na kwa watu anaoishi nao, na kama ni busara aishi humo. Simba iliyoanguka paa, katika ardhi yenye hati ya jina la babu aliyefariki, ambamo sasa analala binamu na mkewe, hailingani na maelezo hayo. Asidanganye kwamba hakuna kitu, maana kusema uongo au kuficha jambo muhimu katika ombi hili ni kosa la jinai. Aeleze ilivyo: hati ni ya nani, nani anaishi humo, hali yake ikoje, na watoto wake wanasoma wapi. Hapa jamaa wa nyumbani mnaweza kumsaidia sana. Pigeni picha ya nyumba, pigeni picha ya hati, mwombeni chifu barua fupi inayosema nani anaishi pale, kisha mtumieni.

Je, kibali chako kinakuruhusu?

Swali hili ndilo linalowakwamisha Wakenya wengi, na ni heri kulijua kabla ya kugonga mlango. Mwenye uraia wa Uingereza, mwenye kibali cha kuishi bila kikomo na aliyekubaliwa kuwa mkimbizi kwa kawaida wanastahili. Waliokwenda kwa viza ya kazi, ikiwamo ile ya wahudumu wa afya na matunzo, na waliokwenda kwa viza ya masomo, karibu wote wana sharti kwenye kibali chao linalowazuia kutumia fedha za umma, na msaada huu wa makao ni miongoni mwa fedha hizo. Kuuomba na kuupokea ukiwa na sharti hilo kunaweza kukuharibia viza. Anayengojea uamuzi wa ombi la ukimbizi naye huhudumiwa na wizara ya mambo ya ndani, si baraza la mji.

Kwa hiyo ndugu yako aangalie viza yake ya kielektroniki asome maneno ya sharti, na kama hayaelewi, amtafute mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kuomba chochote. Hata hivyo asidhani milango yote imefungwa. Baraza linawajibika kumpa ushauri wa bure kuhusu makao mtu yeyote aliye katika eneo lake, hata asiyestahili mengine. Tena, mzazi mwenye watoto asiye na pa kulala wala cha kula anaweza kwenda kwa idara ya ustawi wa watoto ya baraza, ambayo kwa Sheria ya Watoto ya 1989, kifungu cha 17, ina uwezo wa kuisaidia familia kwa ajili ya mtoto, na msaada huo hauhesabiwi kuwa fedha za umma kwa maana ya viza. Mtu mzima mwenye ulemavu au ugonjwa unaohitaji matunzo aulize kuhusu Sheria ya Matunzo ya 2014. Na mwanamke aliyekwenda kwa viza ya mume, ndoa ikavunjika kwa sababu ya kupigwa, amwone mshauri haraka, kwani upo utaratibu wa kumwondolea sharti hilo kwa miezi mitatu ili apate mahali pa kujisitiri huku akiomba kibali chake mwenyewe.

Jambo la kushangaza watu: hata raia wa Uingereza anaweza kukwama hapa. Mama aliyeishi miaka saba Kisumu akirudi London leo ataulizwa kama makazi yake ya kawaida ni Uingereza. Aoneshe kwamba amerudi kuishi: watoto wameandikishwa shule, yeye amejisajili kwa daktari, vitu vyake amevisafirisha.

Je, una kipaumbele?

Swali hili ndilo linaloamua kama baraza litampa mahali pa kulala usiku wa leo. Wenye kipaumbele ni mjamzito na anayeishi naye, mwenye watoto wanaomtegemea, aliyekosa makao kwa moto, mafuriko au janga jingine, anayekimbia dhuluma ya nyumbani, kijana wa miaka 16 au 17, kijana wa chini ya miaka 21 aliyelelewa chini ya uangalizi wa baraza, na mtu aliye dhaifu kwa sababu ya uzee, maradhi ya akili, ulemavu au sababu nyingine maalumu. Baraza likiwa na sababu ya kuamini kwamba huenda mtu hana makao, huenda anastahili na huenda ana kipaumbele, linapaswa kumpa makazi ya muda mara moja, kabla ya kumaliza uchunguzi. Hayo "huenda" matatu ni ya thamani. Afisa anayedai vyeti vyote kwanza ndipo atoe chumba anageuza mpangilio wa sheria.

Penye ugumu ni kwenye udhaifu. Katika kesi ya Hotak dhidi ya Southwark, mwaka wa 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwombaji alinganishwe na mtu wa kawaida aliyekosa makao, si na mtu ambaye tayari amechakaa kwa kulala barabarani. Swali ni: akikosa makao, je, ataumia kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko mtu wa kawaida? Hapa ndipo aibu huwaangusha watu wetu. Mwanamume wa Kakamega ambaye hajalala vizuri tangu mkewe afariki, anayemeza vidonge vya daktari kila siku, humwambia afisa, "Niko sawa tu." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aende kwa daktari wake aombe barua inayosema ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, na hasa, dawa na hali yake zitakuwaje akilala nje. Barua isemayo tu "ana msongo wa mawazo" haitoshi. Isemayo kwamba bila mahali tulivu ataacha dawa, na kwamba alipoziacha mara ya mwisho alilazwa, ina uzito.

Je, umejikosesha makao kwa makusudi?

Ni kwa ajili ya swali hili nilimwambia mpwa wangu asirudishe funguo. Mtu huhesabiwa kuwa amejikosesha makao kwa makusudi ikiwa alifanya jambo, au aliacha kufanya jambo, kwa kukusudia, na kwa sababu hiyo akaipoteza nyumba ambayo angeweza kuendelea kuishi humo na ilikuwa busara kuishi humo. Anayeondoka kwa heshima siku ya notisi, kabla mahakama haijatoa amri, anampa afisa nafasi ya kuandika: aliondoka kwa hiari.

Notisi kule si mwisho wa safari. Mpangaji wa kawaida hawezi kutolewa bila amri ya mahakama, na mwenye nyumba anayebadilisha kufuli au kutupa vitu nje ametenda kosa chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Kufurushwa ya 1977. Ila chunguzeni yeye ni mpangaji wa namna gani. Anayekodi chumba ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo, akitumia naye jiko na sebule, hana ulinzi huo, na anaweza kutakiwa kuondoka kwa notisi ya muda wa kiasi tu bila kesi. Wengi wa vijana wetu huanza maisha kwenye vyumba vya namna hii.

Kuendelea kukaa nako kuna gharama, kwani mwenye nyumba akishinda kesi, ada za mahakama zinaweza kumwangukia mpangaji. Kwa hiyo asiamue peke yake. Aliandikie baraza: "Notisi yangu inaisha tarehe fulani. Je, mnaona ni busara niendelee kukaa hadi amri ya mahakama? Naomba mnijibu kwa maandishi." Jibu lolote watakalotoa litamlinda baadaye. Mpwa wangu aliandika hivyo, na jibu la mistari mitatu alilopata ndilo karatasi iliyomfaa kuliko nyingine zote alizokuwa nazo.

Kisha kuna malimbikizo ya kodi. Kushindwa kulipa kwa kuwa fedha hazitoshi mahitaji ya lazima si kukusudia. Katika kesi ya Samuels dhidi ya Birmingham, mwaka wa 2019, mama wa watoto wanne alikuwa akidaiwa kodi ya pauni 700 kwa mwezi huku ruzuku yake ya nyumba ikiwa pauni 548.51. Baraza lilisema angeweza kujibana katika chakula na matumizi ya nyumbani akaliziba pengo. Mahakama ya Juu ilikataa: posho iliyokadiriwa kuwa kiasi cha kuwawezesha watoto kuishi haiwezi kuchukuliwa kwamba ina ziada ya kulipia kodi.

Lakini fikirieni taarifa ya benki ya mtu wetu. Mstari wa gesi, mstari wa basi, mstari wa chakula, halafu pauni 300 kwenda Kenya, na mwezi uo huo kodi haikulipwa. Afisa ataweka kidole hapo. Kwetu hiyo ni maziko ya baba mzee, na hakuna mtoto angekataa kuchanga. Kwake yeye, isipoelezwa, ni fedha zilizokuwapo zikapelekwa kwingine. Kwa hiyo kila mstari uwe na maelezo na ushahidi: tangazo la maziko, risiti ya hospitali, risiti ya karo ya mtoto aliyebaki nyumbani. Nasi tulio huku tuna sehemu yetu katika jambo hili. Kabla ya kupiga simu kuomba mchango, tuulize kwanza, "Kodi umelipa?" Nasema hivi nikiwa mmoja wa wale waliowahi kuomba bila kuuliza.

Aliyetenda kwa nia njema bila kujua jambo fulani la hakika hahesabiwi kuwa amekusudia. Na hata aliyeamuliwa kwamba alijikosesha kwa makusudi, kama ana kipaumbele, lazima apewe mahali pa kukaa kwa muda wa kutosha kutafuta pengine.

Je, una uhusiano na eneo hili?

Swali hili ni jepesi kuliko linavyosikika. Uhusiano hupatikana kwa kuishi katika eneo, ambapo kwa kawaida huangaliwa miezi 6 kati ya 12 iliyopita au miaka 3 kati ya 5, kwa kufanya kazi humo, kwa kuwa na mzazi, ndugu au mtoto mtu mzima aliyeishi humo kwa miaka 5 au zaidi, au kwa sababu nyingine maalumu. Asiye na uhusiano hafukuzwi dirishani. Baraza lazima lipokee ombi, kisha linaweza kumpeleka kwenye baraza jingine, na haliwezi kumrudisha mahali ambapo atakuwa katika hatari ya kupigwa.

Barua ikija

Uamuzi lazima uandikwe na uwe na sababu. Ukiwa umemkataa, ana siku 21 tangu kuupokea kuomba baraza liupitie upya, na akishindwa tena, siku 21 nyingine za kwenda mahakama ya kaunti kwa hoja ya kisheria. Siku hizo 21 huhesabiwa hata kama yuko zamu ya usiku, hata kama barua ilikaa kwa jirani. Amwambie ndugu mmoja huku nyumbani aandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani na kumkumbusha. Mwenye kipato kidogo anaweza kupata wakili anayelipwa na serikali kwa kesi za namna hii, na shirika la Shelter hutoa ushauri bila malipo.

Akipewa nyumba ambayo haimfai, iliyo mbali mno na shule au yenye ngazi asizoweza kupanda, asiikatae kwa hasira. Kukataa kunaweza kuumaliza wajibu wa baraza, na pasibaki kitu cha kudai. Aipokee, aingie, na ndani ya siku hizo 21 aombe ipitiwe upya kama inafaa. Sheria inamruhusu kufanya yote mawili. Familia yenye watoto iliyowekwa katika nyumba ya wageni ya kulala na kifungua kinywa isikae humo zaidi ya wiki sita.

Awe na faili moja: notisi, mkataba wa nyumba, viza, vyeti vya watoto, taarifa za benki za miezi sita, barua za daktari, na daftari la kila simu aliyopiga, jina la aliyemjibu, saa na lililosemwa. Apige picha ya kila karatasi amtumie mtu mmoja wa kwao kwa WhatsApp. Za mpwa wangu bado ninazo kwenye simu yangu, zote 31, ya kwanza ikiwa ile notisi na ya mwisho mkataba wa nyumba anayoishi sasa.